Kibanda cha Gemu Si Duka la Mkeka

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Manzese hadi Mbagala, mtu anaweza kupita mbele ya fremu tatu zilizopangana na asitambue tofauti yake mpaka aingie ndani. Katika fremu ya kwanza kuna runinga mbili, PlayStation iliyofunguliwa na fundi mara nyingi, na benchi la vijana wanaosubiri zamu kwa kanuni inayojulikana na kila mtoto wa mjini: anayefungwa anapisha. Katika fremu ya pili kuna runinga vilevile, na vijana vilevile wameinua nyuso, ila mikononi wameshika mikeka, yaani karatasi za kubeti. Katika ya tatu kuna dubwi, ile mashine inayomeza sarafu, ambayo wengine huiita ya Mchina. Mama anayemtafuta mwanawe aliyetumwa unga tangu saa kumi haoni fremu tatu. Anaona jambo moja, na analiita uhuni.

Ni rahisi kumcheka mama huyu, na vijana wa gemu humcheka sana. Hata hivyo, maoni ya wakazi wa jiji hili kuhusu gemu, na hasa kuhusu wazo kwamba mtu anaweza kuishi kwa kuzicheza, hayakutoka hewani. Yametokana na mambo kadhaa tofauti ambayo yamefungwa pamoja kwa kamba ya neno moja, kiasi kwamba anayeuliza swali kuhusu afya hujibiwa habari za ajira, na anayeuliza habari za ajira hujibiwa habari za kamari.

Neno lenyewe ni mchezo. Katika Kiswahili cha Dar neno hilo ni mfuko mkubwa: mpira ni mchezo, tamthilia ya redioni ni mchezo, upatu wa akina mama ni mchezo, hata mtu husema amepokea mchezo akiwa ameshika ada ya mtoto mkononi, na jambo lisilo na uzito nalo pia huitwa mchezo. Sheria ikaongeza lake. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kwa Kiingereza jina la bodi hiyo limebeba neno "gaming", neno lile lile ambalo vijana wa Seoul na Los Angeles hulitumia wanapozungumza habari za gemu za video. Kijana wa Sinza anayejitambulisha kwa Kiingereza katika mitandao kuwa maisha yake ni "gaming" huenda hajui kwamba, kwa lugha ya sheria za nchi yake, amejitangaza kuwa mcheza kamari.

Fundo la kwanza ni la kamari. Tofauti ya msingi kati ya fremu ya kwanza na ya pili ni kile kinachonunuliwa. Katika kibanda cha gemu kijana hununua muda: analipa mia mbili au mia tano, anacheza mechi yake, na fedha ile imekwisha kazi, ashinde au ashindwe. Katika duka la kubeti hununua tumaini. Anayefungwa leo kwenye gemu anaweza kurudi nyumbani akiwaza ni wapi alipoacha nafasi nyuma ya beki wake, na kesho akafungwa mabao machache zaidi, kwa sababu mkono na jicho hujifunza. Mkeka haujifunzi. Hata mtu akae miaka kumi mbele ya runinga ya duka lile, hawezi kuusogeza mpira unaochezwa Manchester kwa unene wa unyasi.

Laiti mambo yangeishia hapo, maelezo yangekuwa mepesi na mama angeombwa radhi au angeomba radhi. Lakini maduka ya kubeti yameleta mechi za kompyuta, ambazo timu zake, viwanja vyake na mashabiki wake ni picha za kuchorwa na mashine, na ambazo huanza na kumalizika ndani ya dakika chache, mchana na usiku, hata wakati ligi zote za dunia zimesimama. Kwa macho ya mpita njia, picha ile haina tofauti na ile ya kibandani. Ndani yake, hata hivyo, hakuna mchezaji hata mmoja: matokeo hupatikana kwa programu inayozalisha namba za nasibu, na mabao yanayoonekana ni mapambo ya namba hizo. Isitoshe, kampuni za kubeti siku hizi huruhusu watu kuweka fedha juu ya mechi za gemu ya mpira zinazochezwa na watu halisi wenye pedi za kuchezea gemu mkononi katika nchi za mbali, kwa hiyo gemu ya ustadi imegeuzwa kuwa malighafi ya mkeka. Hata ndani ya kibanda chenyewe vijana huwekeana fedha, na asiyejua kufunga hujikuta amelipia mechi za watu watano.

Kamari imeingia hata ndani ya gemu yenyewe, kupitia mlango ambao mzazi hauoni. Katika gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ile ambayo vibandani wengi bado wanaiita FIFA ingawa toleo la mwisho kubeba jina hilo lilikuwa FIFA 23, mchezaji anaweza kutumia fedha halisi kufungua pakiti bila kujua kama ndani yake atamkuta nyota au mchezaji wa kawaida. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji waliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria ya kamari ya nchi yao, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza sarafu za gemu hiyo nchini humo. Kwa maneno mengine, nchi ya Ulaya yenye wanasheria wengi ilifikia mahali ambapo mama wa Mbagala alikwisha kufika kwa kuchungulia tu mlangoni. Alikosea fremu, lakini hofu yake haikuwa ya bure.

Fundo la pili ni la afya. Mtaani husemwa kuwa fulani amekuwa teja wa gemu, na neno hilo, ambalo katika jiji hili linamaanisha mtu aliyeharibiwa na dawa za kulevya, si neno dogo. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji wa gemu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Walioshangilia uamuzi huo mara nyingi hawakusoma masharti yake. Saa nyingi peke yake si ugonjwa. Kinachotazamwa ni kwamba mtu ameshindwa kujizuia, kwamba gemu imepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha yake, na kwamba anaendelea ingawa anaona madhara katika familia, masomo au kazi. Tena hali hiyo kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12 ndipo mtaalamu aitamke. Mtoto aliyechelewesha unga wa ugali kwa saa moja na nusu ana kosa la nidhamu, na dawa yake inajulikana nyumbani kwao.

Hapa mchezo wa bao unatufaa kama kipimo. Wazee hukaa chini ya mwarobaini tangu alasiri hadi adhana ya magharibi wakihangaika na kete 64 katika mashimo 32, na karibu nao kuna wengine wanaosukuma vizibo vya soda juu ya ubao wa drafti huku wakitupiana maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Hakuna anayewaita mateja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao, na hakuna aliyesema mchezo ule ulimpotezea muda wa kuongoza nchi. Vijana hupenda kuutaja mfano huu, na kwa sehemu wana haki, kwa kuwa jamii imeamua kwamba muda wa mzee ni mali yake na muda wa kijana ni mali ya wazazi wake. Lakini ulinganisho huo una ukomo ambao vijana hawautaji. Bao halikubuniwa na kampuni inayoajiri wataalamu wa kuchunguza ni saa ngapi mchezaji huchoka na ni zawadi gani itamrudisha. Na bao halimtumii mtu ujumbe saa nane za usiku kumwambia kwamba tuzo yake ya leo inakaribia kuisha.

Nchi nyingine zimejaribu kuliweka jambo hili mikononi mwa dola. Korea Kusini ilianza mwaka 2011 kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ikaja kuifuta sheria hiyo baada ya miaka kumi, kwa kuwa watoto walikwisha kuhamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa. China mwaka 2021 ilikaza zaidi: aliye chini ya miaka 18 aliruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Katika Dar es Salaam ulinzi wa namna hiyo hufanywa na mwenye kibanda anayemfukuza mtoto aliyevaa sare ya shule, na wapo ambao hawamfukuzi, kwa kuwa sare haipunguzi thamani ya sarafu. Kwa maoni yangu hapo ndipo hoja halali ya mtaa ilipo, kuliko katika mjadala wa ubongo na uraibu: nani anakaa mlangoni saa nne asubuhi siku ya shule.

Kuhusu vurugu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni hofu iliyoletwa na habari za Marekani zaidi ya maisha ya hapa. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu za mapigano na matendo ya ukatili wa kweli, ingawa kilikubali kuwapo kwa uhusiano mdogo na hasira au maneno makali. Mzazi wa Temeke hahofii kwamba mwanawe atatoka kibandani akiwa na bunduki. Anahofia utoro, na anahofia marafiki atakaowapata huko.

Fundo la tatu, ambalo linazidi kukazwa kila mwaka, ni la kazi. Jiji hili lina kumbukumbu inayowapa vijana nguvu ya kubishana. Muziki wa bongo fleva uliitwa wa wahuni kabla haujajenga nyumba za watu, na mpira wenyewe ulikuwa sababu ya viboko katika nyumba nyingi. Kisha Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, akapita African Lyon, Simba na TP Mazembe, akajiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya England alipokwenda Aston Villa. Tangu hapo mzazi anayemzuia mtoto mwenye kipaji cha mpira hulazimika kujieleza. Vijana wa gemu huuliza kwa nini hesabu hiyo isifanywe kwao pia, na wana mifano. Mwaka 2019 kijana wa Kimarekani wa miaka 16, Kyle Giersdorf, alishinda dola milioni 3 katika Kombe la Dunia la gemu ya Fortnite jijini New York. Lee Sang-hyeok wa Korea Kusini, anayejulikana kama Faker, aliacha shule ya sekondari akaenda kucheza gemu ya League of Legends. Mwaka 2023 alikuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya Michezo ya Asia huko Hangzhou, na katika nchi ambayo kila mwanamume mwenye afya hutumikia jeshi, medali hiyo iliwapunguzia wachezaji wale utumishi huo hadi kubaki mafunzo ya awali na kazi za kujitolea. Serikali inayompa mcheza gemu heshima iliyokuwa ikipewa wanamichezo wa uwanjani imekwisha kubadili maoni yake.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini inaficha jambo ambalo mwenye kutaka kuielewa kazi hii hana budi kulitazama kwa muda mrefu kidogo. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Watoto wa Tandale wakikosa mpira wa dukani hufunga wa makaratasi, na hakuna kampuni inayoweza kuwaamuru waache. Gemu ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kubadili kanuni zake kwa usiku mmoja, kuzima mitambo inayoiendesha au kupunguza fedha za mashindano bila kumuuliza mtu. Mashindano makuu ya gemu ya Dota 2 yalifikisha zawadi ya zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2021, kiasi kilichoandikwa na magazeti ya dunia nzima. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka kwa wadhamini wala kwa viingilio. Ilitokana na asilimia 25 ya mauzo ya bidhaa za ndani ya gemu zilizonunuliwa na wachezaji wa kawaida. Kampuni ya Valve, mwenye gemu hiyo, ilipobadili mpango huo wa mauzo, zawadi ya mwaka 2023 ilishuka hadi kiasi cha dola milioni 3. Hakuna mchezaji aliyekuwa amepungukiwa ustadi. Uamuzi wa ofisini ndio uliopunguza mshahara wa fani nzima.

Kwa hiyo kijana anaposema gemu ni ajira kama mpira, na mzazi anapojibu kwamba hiyo si kazi, wote wawili wamekosea kidogo mahali pamoja. Ni kazi, ila ni kazi iliyo ndani ya shamba la mtu mwingine, na umri wake ni mfupi, kwa kuwa wengi hustaafu wakiwa bado katika miaka ya ishirini. Mpira wa Tanzania una ngazi ambazo mtoto hupanda hata asipofika Ulaya: ndondo za mtaani, daraja la kwanza, ligi kuu, ukocha, uamuzi. Gemu katika jiji hili haijawa na ngazi za namna hiyo zinazoweza kumlipa mtu kodi ya chumba mwezi hadi mwezi. Mzazi anayekataa mtoto asiache shule kwa ajili yake anafanya hesabu sahihi. Mzazi anayekataa mtoto asicheze hata Jumamosi, kwa sababu hiyo hiyo, amehamisha jibu la swali moja akalibandika kwenye swali jingine.

Lipo pia kwazo ambalo halihusu maoni ya mtu yeyote. Mtu anayecheza kupitia intaneti hupimana na mpinzani wake kupitia mtambo ulio mahali fulani duniani, na kila anapobonyeza pedi, amri yake husafiri hadi mtambo huo na jibu likarudi. Dar es Salaam imeunganishwa na dunia kwa nyaya za chini ya bahari, kama SEACOM, uliofika mwaka 2009, na EASSy uliofuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri kilometa 200 hivi kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde, hivyo safari ya kilometa 10,000 kuelekea Ulaya, kwenda na kurudi, huchukua angalau sehemu 100 za elfu za sekunde, hata mitambo yote ikiwa mizima. Katika gemu ya kupigana, ambayo huonyesha picha 60 kwa sekunde, muda huo ni picha sita. Mpinzani aliyeko Paris ameliona teke likianza wakati wewe bado unamwona amesimama. Mei 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika kwa wakati mmoja, hata wasiojua gemu ni nini walipata ladha ya hali hiyo, ingawa wao waliihisi kwenye miamala na simu za picha. Ukijumlisha bei ya bando, ni wazi kwa nini kijana wa hapa anayeingia mashindano ya mtandaoni anaanza akiwa nyuma kabla hajafanya kosa lolote.

Njia iliyobaki inapita mahali ambapo wazazi hawapapendi. Februari 2019, huko Fukuoka, Japani, bingwa wa mashindano ya gemu ya kupigana iitwayo Tekken 7 alikuwa Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, ajulikanaye kama Arslan Ash, ambaye ulimwengu wa gemu haukuwa ukimfahamu na ambaye matatizo ya viza na ndege nusura yamkoseshe mashindano yenyewe. Alipoulizwa, alisema kwamba nyumbani kwao wapo wengine wa kiwango chake. Watu walidhani ni unyenyekevu. Agosti mwaka huo alishinda tena Las Vegas, na bingwa wa Korea Kusini, Bae Jae-min, akafunga safari kwenda Pakistan kujipima na wachezaji ambao majina yao hayakuwa katika orodha yoyote. Wachezaji wale walikuwa wamekua katika kumbi za mitaani, wakikaa bega kwa bega na kufungana kila siku, kwa kuwa intaneti ya kwao haikuwa ya kutegemewa kwa gemu inayohesabu picha.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, gemu hiyo hiyo ndiyo iliyomtambulisha Sylvia Gathoni wa Kenya, anayecheza kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU huku akisoma sheria. Habari yake huwashangaza wengi wa Dar mara mbili: kwanza kwamba hakuacha chuo, na pili kwamba ni mwanamke. Benchi la kibanda cha Manzese ni la wavulana karibu lote, na msichana anayeketi hapo hupewa jina kabla hajapewa pedi. Wasichana wanaocheza, nao si wachache, hucheza kwenye simu, nyumbani, ambako mtaa hauwaoni na kwa hiyo hauwahesabu. Sawa na yule mama mtu mzima ndani ya basi la mwendokasi anayepanga peremende za rangi kwenye simu kutoka Kimara hadi Kivukoni, ambaye angekasirika sana akiambiwa kwamba naye ni mcheza gemu.

Ikitokea basi Dar es Salaam ikampata mtu wa kusimama mbele ya akina Arslan, kuna uwezekano mkubwa kwamba hatatoka kwenye chumba chenye intaneti ya kasi huko Masaki. Atatoka katika fremu ile ya kwanza, ambako pedi mbili zimechomekwa kwenye mashine moja bila waya wowote wa baharini katikati, ambako anayefungwa anapisha na aliyekaa muda mrefu kwenye kiti ni yule ambaye benchi zima limeshindwa kumtoa.